Shangazi, nishike upi niache upi? Kuku, bodaboda, vyoo vya shule na sare za sendoff

Barua za mwezi huu karibu zote ni swali moja, kila moja na kilemba chake tu: hela kidogo, miradi mingi, nishike upi niache upi. Nimechukua nne. Mjue mi sio mchumi jamani, nimekuwa mweka hazina wa kikoba miaka tisa na nimesomewa michanganuo ya miradi mpaka nikachoka, kwa hiyo majibu yangu ni ya mtu wa daftari. Mwenye digrii anivumilie, na baba wa mmoja anayeisomea kaandika kabisa, tutafika kwake.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa watoto wawili, niko Morogoro, asubuhi nauza chai, chapati na supu karibu na stendi ya daladala. Tumevunja kikoba mwezi uliopita nimepata mil 3 na laki 2, mume wangu kaongeza zake tumefika mil 6 na laki 4. Sasa hapa nyumbani hatulali. Mume wangu anataka kuku wa mayai 300, kapiga hesabu kwenye kompyuta ya ofisini kwao makaratasi saba yana rangi rangi, inaonyesha mwaka wa kwanza tunatengeneza mil 9. Shemeji anasema tununue bodaboda mbili tuwape vijana kwa mkataba. Na rafiki yangu kaniletea habari za kufuga kware, anasema mayai yake yanagombaniwa. Mi mwenyewe nilikuwa nafikiria tu kununua friza na jiko la pili la gesi, niongeze juisi na mchana niuze wali, ila nikisema hivyo wananicheka eti huo sio mradi, huko ni kuongeza sufuria. Nifanyeje? (Mama wawili)

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole na vita, na hongera pia, maana kuna nyumba hela ya kikoba ikifika haikai hata siku mbili za kugombaniwa.

Tuanze na makaratasi saba ya baba watoto, kwa sababu yeye angalau kakaa chini akaandika, na hilo ni la kumpa heshima yake. Shida ya yale makaratasi sio kujumlisha, kompyuta haikosei kujumlisha. Shida ni zile namba nne tano alizoziingiza mwanzoni, kuku wangapi watataga, trei itaenda bei gani, wangapi watakufa, mfuko wa chakula shilingi ngapi, hizo zote kakisia kwa kichwa chake, na makisio yakishapakwa rangi mtu anayaamini kama vile kasoma benki. Mi nna kipimo kimoja kabla ya vyote: ulichokisia kitaingia, toa robo, ulichokisia kitatoka, ongeza robo, alafu angalia kama mradi bado unapumua. Bei ambayo iko kwenye risiti ya dukani usiiguse, hiyo sio makisio.

Haya, chukua daftari. Kuku 300 wakitaga kwa asilimia 80 ni mayai 240, yani trei 8 kwa siku. Tufanye trei unaiuza jumla elfu 8, inaingia elfu 64. Kuku wa mayai mkubwa anakula kama gramu 120 kwa siku, mara 300 ni kilo 36, ukipata mfuko wa kilo 50 kwa elfu 55 basi chakula cha siku ni 39,600. Inabaki elfu 24 na mia nne, tamu kabisa. Sasa pima. Toa robo kwenye mapato, elfu 64 inakuwa elfu 48. Ongeza robo kwenye chakula, 39,600 inakuwa 49,500. Umeshaingia hasara ya 1,500 kila siku ya Mungu, na hapo hujalipa dawa, taa, maranda wala kijana wa kulisha. Na usione robo ni nyingi mwanangu, trei kushuka elfu 2 na mfuko kupanda elfu kumi na kitu ni mambo ya msimu mmoja tu, muulize yeyote mwenye banda.

Alafu kuna hili ambalo makaratasi ya rangi huwa yanalipitia mbio: kifaranga hatagi. Kuanzia siku umemleta mpaka yai la kwanza ni wiki 18 mpaka 20 hivi, miezi kama mitano, na muda huo wote anakula. Kila mmoja atakumalizia kama kilo saba na nusu kabla hajakupa chochote. Kwa 300 ni kilo 2,250, mifuko 45, kwa bei ile ile ni mil 2 na laki 4 na elfu 75. Weka vifaranga, weka banda, weka chanjo ya mdondo na gumboro, hiyo mil 6 yenu imeshaondoka na watoto bado wanataka daftari za shule. Kipimo changu cha pili ndo hicho: katikati hapo tutakula nini? Mradi ukishindwa kujibu hilo, faida yake ya mwaka wa pili mi hainihusu.

Bodaboda ya shemeji. Tuseme pikipiki mpaka iingie barabarani na bima yake ni mil 3, kijana analeta hesabu elfu 10 siku sita za wiki, mkataba wiki 65, jumla mil 3 na laki 9. Mafuta na sevisi ni juu yake. Bei ya pikipiki iko kwenye risiti kwa hiyo hatuigusi, tunatoa robo kwenye hesabu tu, inabaki mil 2 na laki 9 na elfu 25. Umekosa elfu 75 kwa mwaka na zaidi. Imekukwaruza lakini haijakuua, na hela inaanza kurudi wiki ile ile ya kwanza, kwa hiyo kwenye kula nini katikati inamshinda kuku mbali sana. Ubaya wake sio wa kuisha robo robo: siku pikipiki ikiibiwa au kijana akipata ajali na bima uliyokata ni ile ndogo ya kumlipa mtu mwingine, umepoteza yote kwa mkupuo, achilia mbali kijana wa watu yuko hospitali. Kwa hiyo hapo ninauliza la tatu: likitokea baya kabisa, Jumatatu yake mtakuwa bado mnapika supu? Kwa moja mtakuwa bado mnapika. Kwa mbili sina uhakika.

Kware nisiwapotezee muda ila naomba huyo rafiki yako umsomee hapa. Mwaka 2013 kuingia 2014 majirani zetu Kenya walishikwa na homa ya kware, mayai yakasemwa yanatibu kila ugonjwa, watu wakapanga foleni ya leseni za KWS, lile shirika lao la wanyamapori, kwa sababu kule kware alihesabika mnyamapori, wengine wakatoa kuku bandani wakaingiza kware. Bei ilikuwa juu kweli. Ila ukifuatilia yai linaishia wapi, mengi yalikuwa yanaishia kwa mtu mwingine anayetaka kutotolesha na yeye aanze kufuga. Wafugaji walikuwa wanauziana wao kwa wao. Siku wapya walipopungua bei ikaanguka kama embe bivu na watu wakabaki na mabanda. Kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote uliza mwisho wa mnyororo kuna nani, kuna mtu anakula hiki kitu au kuna mtu anayetaka kuanzisha mradi kama wangu? Chapati zako zinaliwa mwanangu. Unawaona wanatafuna.

Na hapo ndo nafika kwenye sufuria yako. Katika hii miradi minne ni mmoja tu ambao namba zake sio za kukisia, na ndo huo mnaoucheka. We unajua Jumatatu unauza chapati ngapi na mwisho wa mwezi ngapi, unajua mvua ikinyesha inakuwaje, unajua nani anakopa hadi lini. Fanya hivi: wiki mbili, kila mtu akiuliza "juisi ipo?" au "mchana unapika?" chora kijiti kwenye daftari, juisi ukurasa huu, wali ukurasa ule. Usihesabu wa kukuchekea tu na kupita, hesabu aliyeuliza na akaenda kununua pengine. Kama vijiti vya wali kwa siku havifiki kumi, jiko la pili lisubiri, nunua friza tu. Ukiona friza kwa bei ya mtaani kwenu hata ukitoa robo inajirudisha kabla mtoto hajapanda darasa, nunua.

Baba watoto asinichukie. Mpe kuku 40. Wakianza kutaga watakula kilo 4.8 kwa siku, mfuko mmoja siku kumi, hiyo hata chapati zinabeba. Na aandike kila kitu, wangapi wamekufa, mayai mangapi, kwa miezi yote mpaka watakapozeeka, alafu namba hizo ndo akaziweke kwenye yale makaratasi saba, atashangaa rangi zinavyobadilika. Au zisibadilike, na mi ntakula maneno yangu na kuja kununua trei.

SWALI: Shangazi, toleo lililopita ulimwambia kijana mmoja mradi ambao hela yake hairudi ndani ya mwaka auache. Mwanangu anasoma mambo ya fedha chuo mwaka wa tatu, kasoma akacheka sana. Anasema siku hizi watu wanapiga NPV, wanaleta hela za kesho ziwe za leo, na hicho kipimo chako ni cha mwenye duka wa zamani, kinatupa miradi mizuri. Mi nimeshindwa kumjibu. (Mzee wa Njombe)

JIBU: Kaka yangu, mwanao yuko sahihi, na umeandika kutoka Njombe kabisa ambako kipimo changu kinaaibika mchana kweupe. Parachichi la Hass la kubebesha linataka kama miaka mitatu kuanza kukupa kitu, misindano ndo usiseme, mtu anapanda mtoto akiwa chekechea anavuna akiwa chuo. Ukitumia "hela irudi ndani ya mwaka" usingepanda hata mti mmoja na wenzio wamejenga kwa parachichi. Nilimjibu vile yule kijana kwa sababu hela yake ilikuwa ya mkopo na ya kodi ya chumba. Hela ya kula inapimwa kwa muda wa kurudi. Hela ambayo hata ukiisahau miaka mitano hamtalala njaa, hiyo mpe mwanao akupigie NPV na apige vizuri.

Ila na yeye mwambie asitucheke sana. Kuna bwana anaitwa Harry Markowitz, mwanao lazima kamsoma, aliandika mwaka 1952 namna ya kugawa hela kwenye hisa tofauti kwa hesabu nzito na mwaka 1990 wakampa Nobel ya uchumi kwa kazi hiyo. Alipofika kwenye hela zake mwenyewe za pensheni, alikuja kusimulia baadaye kwamba aligawa tu nusu kwa nusu, nusu hisa nusu hati fungani, asije akajuta. Mwaka 2009 wataalamu watatu, DeMiguel, Garlappi na Uppal, wakachukua njia 14 za kitaalamu wakazishindanisha na huo ugawaji wa kijinga wa sawa kwa sawa, kwenye data seti saba, na hakuna hata njia moja iliyoushinda kila mahali. Wakapiga na hesabu, ukiwa na vitu 25 vya kugawia hela, ile njia ya kitaalamu inahitaji kumbukumbu za miezi kama 3,000 ndo ianze kuwa bora. Miezi 3,000 ni miaka 250 kaka. Sisi trei ya mayai ya mwaka juzi ilikuwa bei gani hatukumbuki.

Kwa hiyo sio kwamba hesabu kubwa ni mbaya, hesabu kubwa inakula namba nyingi, na ukiilisha makisio inakutapikia makisio. Akileta NPV yake muulize kitu kimoja tu, hiyo asilimia ya kupunguzia hela za kesho kaitoa wapi. Akisema mwalimu kasema, mle wote chakula cha jioni kwa amani, mjadala umeisha.

SWALI: Mama shikamoo. Mi ni mjumbe wa serikali ya kijiji, Handeni. Tuna michango na hela kidogo ya mfadhili, jumla mil 9 na laki mbili. Miradi iliyoletwa ni minne: kupaua boma la zahanati ambalo kuta zimesimama miaka mingi, vyoo vya shule ya msingi, kisima kirefu, na kalavati kwenye korongo la njia ya shamba. Mkutano wa kijiji tukipiga kura ya mikono kitongoji kikubwa ndo kinashinda kila mwaka, wengine wanasusa michango. Kuna namna nyepesi ya haki?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ipo, ila kabla ya kura chekecheni kwanza. Mkutano usipewe kuchagua kitu ambacho hakiwezekani, maana hapo ndo ugomvi unapoanzia.

Swali la kwanza la chekeche: hii hela inakifikisha mradi mahali mtu anautumia? Sio mahali pa kupigia picha. Kisima kirefu kwa mil 9, kuchimba, pampu, tenki, hapana, na hata mkikopa mkachimba mtahitaji jumuiya ya watumia maji ya kukiendesha, kwa hiyo hicho kiandikieni RUWASA, wale wakala wa maji vijijini, ndo kazi waliyoundiwa tangu 2019, mkitoe kwenye kura ya mwaka huu. Wenye kisima watanuna. Waonyesheni barua yenye muhuri ili wajue hawajatupwa.

Zahanati ndo yenye mtego. Watu watasema tumeshatoa michango mingi kwenye lile boma, haiwezekani tuliache. Mwanangu hela iliyokwisha kutoka imekwisha kutoka, boma halikudai. Msihesabu mmetumia ngapi, hesabuni imebaki ngapi mpaka mgonjwa wa kwanza apewe dawa. Bati na mbao mnaziweza pengine, je sakafu, milango, choo cha zahanati, nyumba ya muuguzi? Nendeni kwa mganga mkuu wa wilaya muulize kama tukipaua mwaka huu mhudumu na vifaa viko kwenye mpango wa lini, na awajibu kwa maandishi. Akiwapa mwaka, boma linarudi kwenye kura kwa nguvu zote. Akiwapa maneno matamu tu, mtapaua popo.

Vyoo vina uzuri wa kupimika. Mwongozo wa nchi unasema tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Mwalimu mkuu awaletee idadi. Kwa mfano wasichana wakiwa 260 wanataka matundu 13, wavulana 250 wanataka 10, jumla 23. Mkihesabu yaliyopo mkakuta nane, na mawili yamejaa, kila mtu mkutanoni ataelewa bila hotuba.

Sasa kura. Acheni kunyoosha mikono kwa miradi yote kwa mpigo. Linganisheni miwili miwili. Ikibaki mitatu, zahanati, vyoo, kalavati, ni mashindano matatu tu: zahanati na vyoo, vyoo na kalavati, zahanati na kalavati. Ingebaki minne yangekuwa sita, mitano yangekuwa kumi, ndo maana nimesema chekecheni kwanza. Kila shindano wekeni ndoo mbili zina vifuniko vyenye tundu, mtu anapita na punje moja ya hindi anadondosha. Wanawake wapite kwanza, sio kwa adabu, ni kwa sababu kwenye mikutano yetu mama akishaona mume kanyoosha, mkono wake yeye unashuka. Mradi ulioshinda wenzake wote ndo wenu. Kitongoji kikubwa bado kina watu wengi, hilo siwezi kulibadilisha, lakini kikishanyimwa mradi wake kwenye shindano moja kinalazimika kuchagua kati ya mahitaji ya wengine, na hapo ndo mnaona mambo mapya.

Inaweza kutokea kituko: zahanati imeshinda vyoo, vyoo vimeshinda kalavati, kalavati limeshinda zahanati. Mtu atapiga kelele kuna wizi. Hakuna wizi, Mfaransa mmoja Condorcet aliliandika hilo mwaka 1785, watu wakiwa wengi maamuzi yao yanaweza kuzunguka hivyo hata kila mmoja akiwa na akili timamu. Kubalianeni kabla ya kura, iandikwe kwenye muhtasari, kwamba ikizunguka tunachukua ule unaokamilika mapema. Kabla ya kura nasema. Ukiweka sheria baada ya kufungua ndoo hata malaika hawatakuamini.

SWALI: Anti mambo, mi fundi cherehani Tandika. Kazi ni nyingi wateja wananitukana kila siku, kila mmoja anasema yake ya haraka. Sa hivi mezani nina sare za sendoff za watu 12, hizo zitanila siku tano, gauni moja la kitenge la siku mbili, na mfuko wa suruali za kupunguza na kubadilisha zipu, siku moja. Huwa naanza na kubwa kwa sababu ina hela. Nakosea?

JIBU: Poa mwanangu. Kwa hela hukosei, kwa matusi unakosea. Angalia: ukianza na sare, wenye sare wanasubiri siku 5, wa gauni anapata siku ya 7, wa suruali siku ya 8. Jumlisha, 20, gawa kwa tatu, kila mtu kasubiri karibu siku saba. Geuza: suruali siku ya 1, gauni siku ya 3, sare siku ya 8. Jumla 12, wastani siku nne. Cherehani ile ile, mikono ile ile, siku nane zile zile, ila sasa una maadui wachache na hela ndogo ndogo imeanza kuingia kesho jioni. Kazi fupi kwanza, hata wataalamu wa viwanda walishaithibitisha tangu miaka ya hamsini.

Ila hiyo ni kwa kazi ambazo hazina siku. Sendoff ina siku. Kama ni Jumamosi hii na leo Jumatatu, kipimo kinabadilika, kazi zenye tarehe unazipanga kwa tarehe, ya karibu kwanza, na zisizo na tarehe unazichomeka mapengoni kwa ufupi wake. Ukianza suruali leo, sare zinaanza Jumanne, siku tano zinaishia Jumamosi yenyewe jioni watu wameshakaa ukumbini. Kwa hiyo leo leo unakata zile sare, suruali chomeka usiku ukiwa unasubiri mwenye ovaloki amalize, na mwenye kitenge mwambie ukweli leo, kwamba gauni lake ni wiki ijayo Jumatatu. Ukweli unatukanwa mara moja, "njoo kesho" inatukanwa kila kesho.

Na kitu kingine, kazi ambayo haijakamilika vifaa isiingie foleni kabisa. Hakuna vipimo, hakuna bitana, hakuna advansi, hiyo sio kazi, hiyo ni mfuko wa mtu umewekwa kwako. Nimewahi kuwa mteja wa namna hiyo, nikapeleka kitambaa bila bitana alafu nikaja kulalamika, fundi akaniangalia tu. Hesabu hizo sare 12 sasa hivi kabla hujashika mkasi, ukikuta bitana ni za kumi, mpigie mwenye shughuli leo, usingoje Alhamisi.